Mizani Hudanganywa na Maji

Msikilizaji, kilo peke yake hazisemi mwili umebeba nini. Mashine za eksirei zinazotenganisha mafuta, misuli na mifupa ni za hospitali kubwa. Kwenye kambi, mfano wa Lukole kule Ngara walikoishi wakimbizi wa Burundi, kazi huangukia mizani, ubao wa urefu na utepe unaozungushwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Siku hizi, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Mizani nayo, jamani, hudanganyika: mtoto aliyevimba maji huonekana mzito. Ndiyo maana mhudumu humbonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, sekunde 3. Vishimo vikibaki, anatibiwa, utepe useme utakavyo.