Nani Anamsimamia Mwenye Faili? Usajili wa Maafisa Ustawi wa Jamii, Ukitazamwa Kutoka Uluguru



Hapa mjini Morogoro, mwanamke akichoka kudai matunzo ya watoto humwambia baba yao, "Tukutane ustawi." Hata mwanaume mwenye kiburi hunywea. Anajua huko kuna mtu mwenye faili, na kwamba yatakayoandikwa humo yanaweza kufika mahakamani. Jioni hii nataka tumtazame huyo mwenye faili. Nani amethibitisha kwamba anaijua kazi yake? Na akiharibu, yule mama amshitaki wapi?

Mamlaka aliyonayo si madogo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa ustawi wa jamii mwenye sababu za kushuku kuwa mtoto anadhulumiwa anaweza kuingia nyumbani mwa watu na kupekua, akiwa na polisi. Taarifa yake inaweza kuamua mtoto akae kwa nani. Muuguzi ana baraza lake. Mhandisi ana bodi yake. Mwalimu alitungiwa sheria ya bodi ya kitaalamu mwaka 2018. Hata mganga wa tiba asili anayechimba mizizi huko Kinole ana baraza, kwa sheria ya mwaka 2002. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na imefundisha vizazi vya maafisa, lakini chama chao, TASWO, kimelazimika kudai kwa miaka mingi sheria ya kuisimamia taaluma hiyo. Sijapata kuelewa kwa nini mizizi ilifikiriwa kabla ya watoto.

Nitaambiwa kwamba afisa ana mwajiri, na mwajiri ana kanuni za nidhamu. Ni kweli. Lakini mwajiri huadhibu utoro, ulevi na upotevu wa fedha. Taarifa ya kizembe juu ya mtoto haionekani kwenye daftari la mahudhurio. Tena wengi wanaofanya kazi hii wako kwenye mashirika na makao ya watoto, nje ya utumishi wa umma. Aliyefukuzwa mkoa mmoja anaweza kuhamia mkoa mwingine na vyeti vyake vilevile, akaanza upya. Afrika Kusini iliweka sheria ya usajili mwaka 1978, ikabidi kuirekebisha baada ya ubaguzi kuondoka. Uingereza nako, yeyote anaweza kulitafuta jina la mfanyakazi wa ustawi katika daftari lililo wazi kwa umma. Sitamani tuige taratibu zao zote. Ninachokitamani ni hilo daftari lililo wazi.

Ila daftari bila viwango ni orodha ya majina tu, na kwenye viwango ndipo milima hii ya Uluguru ina la kutufundisha. Kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi hupita huko, na mjomba ana sauti ambayo fomu nyingi hazina mahali pa kuiandika. Afisa aliyezoea fomu ya baba, mama, anwani, anaweza kupanda Matombo, akamkuta mtoto aliyefiwa na mama, baba hajulikani alipo, akaandika kwamba hana mlezi. Wakati huohuo wajomba wako shambani, na bibi mzaa mama yuko jikoni. Hapo sheria yaweza kuwa imefuatwa kipengele kwa kipengele, na mtoto akaishia kwenye makao mjini. Mimi ningetaka kiwango kinachosema wazi: hakuna taarifa inayokubalika mpaka ukoo usikilizwe. Na kusikilizwa si kukubaliwa, maana mjomba naye anaweza kuwa anautaka urithi kuliko mtoto.

Wazee wa huko wana sababu ya kuwaogopa wataalamu wanaopanda na majibu tayari. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilisifiwa sana ofisini, lakini watu waliona nguvu zao zikiishia kwenye matuta yasiyowapa chakula. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa.

Nina hofu moja juu ya usajili wenyewe. Taaluma ikishapata mlango hupenda kuufunga. Vijijini kazi hii hubebwa na wasaidizi wa ustawi wa jamii na wanakamati wa kujitolea, ambao hawana shahada na wala hawana ada ya kulipa kila mwaka. Sheria ikiwatoa nje, afisa mmoja wa wilaya atabaki na kata ambazo hawezi kuzifikia mvua za masika zikikata barabara. Wasajiliwe kwa ngazi yao, bure, na mipaka ya kazi yao iandikwe.

Halafu kuna suala la nauli. Tukiunda baraza ambalo malalamiko yake hupokelewa Dodoma tu, kwa maandishi, tutakuwa tumewalinda wenye mawakili. Mama wa Nyandira, kule Mgeta, apeleke lalamiko lake kwa mdomo ofisi ya kata, mtendaji aliandike, ampe nakala yenye namba. Likifika kusikilizwa, wajumbe wa baraza ndio wapande gari kwenda huko Mgeta.