MKATABA WA MSICHANA MKIMBIAJI
(Maneno ya mwanachama wa Reli mbele ya mkutano wa wafanya kazi, Rhonda, Nakuru)



Mmoja wenu ameniuliza, habari ya wakimbiaji inaingiaje katika mkutano wa chama? Inaingia. Msichana atokaye huku Bonde la Ufa akaenda kukimbilia chuo cha Marekani, huyo yuko kazini.

Zamani wanafunzi wa kule walikatazwa kulipwa kwa ajili ya jina lao. Tangu 1 Julai 2021 wameruhusiwa kutangaza viatu, vinywaji na mengineyo. Tena Juni 2025 korti ilikubali mapatano kwamba chuo chaweza kuwalipa wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na wale wa miaka ya nyuma wagawiwe dola bilioni 2.8 hivi. Katika malipo hayo ya nyuma, sehemu kubwa imepangiwa wanaume wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Wanawake wanane walikata rufani, wakitaja sheria ya 1972 ikatazayo ubaguzi wa wake na waume shuleni. Wakajibiwa kuwa wanaume ndio wanaoleta mapato. Sisi wa reli tunaijua sauti hiyo: atakaye kumpunja mtu hakosi sababu.

Binti yetu Doris Lemngole, wa chuo cha Alabama, alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika mashindano ya vyuo mwaka 2024 na 2025. Lakini mgeni mwenye visa ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi ovyo, na tangazo laweza kuhesabiwa kazi. Mwenzake Mmarekani atia sahihi, yeye huangalia.

Akimaliza chuo, kampuni za viatu zinamngoja. Mwaka 2019 Allyson Felix, bingwa wa Olimpiki, alisema hadharani kwamba baada ya kuzaa Nike ilitaka kumlipa pungufu kwa asilimia 70. Kelele zilipozidi, mwaka huo huo kampuni iliahidi kutompunguzia mama malipo kwa miezi 18. Hapa Kenya, mama mfagiaji wa stesheni aliyeajiriwa ana miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili, kwa sheria ya 2007. Mkimbiaji wa mkataba si mwajiriwa. Analo lile tu lililoandikwa katika karatasi yake.

Basi mwenye binti aliyeitwa huko alete karatasi ofisini kabla ya sahihi. Tutaisoma pole pole kwa Kiswahili, na binti mwenyewe awepo, si baba na kocha peke yao.