Brashi ya Kompyuta Inapogoma

Katika familia nyingi picha ya marehemu babu au bibi ni moja tu. Imefifia, imepata mikunjo, na nakala nyingine haipo. Ndugu waliotawanyika Muscat, London na Mombasa humwomba mmoja wao aiingize katika kompyuta, aifute madoa na kuwapelekea wote. Kazi hiyo hufanywa kwa programu za kuhariri picha, kama vile Photoshop, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1990, au GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo hupatikana bila malipo. Miongoni mwa vyombo vyake vikuu ni brashi.

Lakini ghafla brashi hugoma. Kipanya kinasogea, rangi haitoki. Hapo wako wanaoifuta programu nzima na kuiweka upya, na wako wanaobofya kila kitu mpaka picha ikaharibika, kisha wakaihifadhi juu ya ile ya awali. Hiyo ndiyo hasara isiyorudishika.

Ukweli ni kwamba mara nyingi brashi haikuharibika. Inatii amri iliyotolewa mapema na kusahauliwa. Kwa hiyo la kwanza ni kuhifadhi kazi kwa jina jingine, kisha kuifuata dalili yenyewe.

Iwapo rangi haitoki kabisa, huenda sehemu ndogo ya picha imechaguliwa, na brashi haiwezi kupaka nje ya mpaka huo. Katika Photoshop, vitufe vya Ctrl na D vikibonyezwa pamoja huondoa uchaguzi huo. Katika GIMP ni Ctrl, Shift na A. Mpaka ukiwa haupo, yatazamwe matabaka, ambayo ni mfano wa karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Anayepaka katika tabaka lililofichwa, au lililofunikwa na jingine, haoni matokeo ya kazi yake. Na tabaka tupu ambalo uangavu wake umefungwa halishiki rangi hata kidogo.

Iwapo rangi inatoka hafifu, kichunguzwe kiwango cha ukolezo. Katika Photoshop, kubonyeza tarakimu 1 wakati wa kutumia brashi hushusha ukolezo hadi asilimia 10. Sufuri huurudisha kwenye asilimia 100. Kidole kilichoteleza kinatosha kuleta tatizo hilo.

Iwapo duara la brashi limegeuka alama ya msalaba, katika Photoshop kitufe cha Caps Lock ndicho kilichowashwa. Na iwapo kila rangi inageuka kijivu, huenda picha yenyewe imewekwa katika hali ya kijivu, isiyopokea rangi nyingine.

Yote hayo yakishindikana, programu zote mbili zina amri ya kurudisha mipangilio ya brashi katika hali yake ya mwanzo, bila kuigusa picha.

Haraka haraka haina baraka. Mrekebishaji makini hapaki kamwe juu ya picha ya awali: hufungua tabaka jipya juu yake na kufanyia kazi humo. Hata brashi ikigoma, na hata mkono ukikosea, uso wa babu unabaki chini yake salama, kama ulivyopokelewa.