Uwatu na Sukari: Dawa za Hospitali Zisiachwe

Leo tuzungumzie uwatu, zile mbegu chungu anazopewa mzazi ili maziwa yaongezeke.

Kuna mambo matano yanayopenda kuandamana: kiuno kinene, presha, sukari iliyopanda, mafuta mabaya kuzidi katika damu na mafuta mazuri kupungua. Mwenye matatu kati ya hayo yumo hatarini kupata kisukari na maradhi ya moyo.

Uwatu ukilowekwa huvimba na kuteleza. Utelezi huo huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Utafiti umeonyesha huweza kupunguza sukari kiasi, lakini hauponyi kisukari.

Kwa hivyo usimwachishe mgonjwa dawa zake. Akichanganya uwatu na dawa za kisukari, sukari yaweza kushuka mno. Akitetemeka na kutokwa na jasho, mpe kinywaji chenye sukari ikiwa anaweza kumeza, kisha mpeleke hospitali. Mjamzito asitumie uwatu kama dawa.

Mama, pima kiuno chako leo. Kikifika sentimita 80, nenda ukapimwe presha na sukari.