Hukumu Huanza Mlangoni Kwako!

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa maskani, Wete, Pemba)



Leo sikuja kupiga siasa za jukwaani. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kila kijana wa Pemba analijua: kusimamishwa njiani, kupekuliwa na kutiwa ndani. Difenda la polisi likisimama mbele ya maskani, nyinyi mnafanya nini? Mmoja anaruka ua, wa pili anatukana, wa tatu ananyamaza kama maji ya mtungi. Wote watatu wamekosea!

Tuanze na historia. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alisema raia hahitaji kibali cha polisi ili akutane na wenzake. Hukumu nzuri! Lakini Januari 27, 2001, hapa hapa Wete, na Chake Chake, na Micheweni, waandamanaji walimiminiwa risasi. Tume ya Serikali iliyoongozwa na Hashim Mbita ilihesabu maiti 31, Pemba na Unguja. Ukafuata msako wa nyumba kwa nyumba, na ndugu zetu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Je, ile hukumu ya 1994 ilimzuia nani?

Kabla ya hapo, Maalim Seif alikamatwa mwaka 1989, akashitakiwa kwa kukutwa na nyaraka za siri za Serikali. Dhamana aliipata 1991! Kisha, kuanzia Novemba 1997, wanachama 18 wa CUF walikamatwa wakapewa kesi ya uhaini. Walisota rumande karibu miaka 3 mpaka Novemba 2000. Mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa sababu Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili. Jicho moja likacheka, la pili likalia. Wenzetu hawakuwa wahaini, lakini nchi yetu nayo ikaambiwa si dola. Na ile miaka 3 ya rumande, nani aliirudisha?

Funzo ni nini? Hukumu hufika, lakini hufika imechelewa. Na jaji hakuwepo nyumbani kwako usiku ule. Yeye anaamua kwa yaliyoandikwa na yaliyoshuhudiwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani, ikikaa Dodoma, ilieleza kwamba kitu kilichokamatwa lazima kiwe na mlolongo wa maandishi: nani alikikamata, nani alikipokea, kilihifadhiwa wapi, hadi kinafika mahakamani. Mlolongo ukikatika, ushahidi unatiliwa shaka. Lakini nani atasema ulikatika, kama hukuona wala hukuandika?

Basi sikilizeni. Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 14, inalinda uhuru wako; ibara ya 15 inalinda faragha yako. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini mwenendo wa jinai hapa una sheria yake ya Zanzibar, ya mwaka 2018. Msichanganyiwe!

Wakija kupekua, waulize kwa adabu: hati iko wapi? Wakiingia bila hati, usipigane, wala usiwazibie njia, maana hapo utawapa kosa ambalo hawakuja nalo. Ita jirani. Sheha mara nyingi huletwa awe shahidi. Aje, lakini jirani mwengine naye awepo. Wafuate chumba kwa chumba kwa macho. Wakichukua kitu, dai karatasi yenye orodha, na usitie saini kwenye orodha yenye kitu usichokiona kikitolewa.

Ukisimamishwa kwenye kizuizi msimu wa karafuu, gunia lako likafunguliwa, hesabu ni hiyo hiyo: saa ngapi, nani, kituo gani. Ukikamatwa, uliza kosa lako. Kituoni, usitie saini maelezo ambayo hukuyasoma au kusomewa. Aliyebaki nyuma asikae akilaani. Aende kituoni, aulize jina la ndugu yake, aandike saa aliyojibiwa na aliyemjibu.

Najua wazee watasema: mwenye nguvu mpishe. Sawa, mpishe mlangoni! Lakini usimpishe na kumbukumbu. Polisi ana daftari lake la kituo, na ndilo linalosomwa mahakamani. Letu liko wapi?

Nawaomba jambo moja. Kabla ya kurudi kwenye bao na kahawa, changeni mnunue daftari moja la maskani. Andikeni tarehe, saa, jina la aliyechukuliwa, namba ya gari, mashahidi wawili. Andikeni kweli tupu, hata pale kweli inapomlaumu mwenzenu. Siku jaji atakapouliza nani aliona, asimame kijana wa Wete, afungue daftari, asome.