Theluthi ya Waislamu katika Baraza la Mji wa Tashkent



Mji wa Tashkent, katika nchi ya Turkestani, ulitekwa na majeshi ya Urusi mwaka 1865. Warusi wakajenga mji wao mpya ng'ambo ya mfereji wa Ankhor, wenye njia pana na miti. Mji wa kale, wenye misikiti na madrasa, ukabaki upande wa pili.

Mwaka 1870 Mfalme Alexander wa Pili alitoa sheria ya kuipa miji ya dola yake mabaraza yaliyochaguliwa na walipa kodi, yaangalie njia, taa na masoko. Sheria hiyo haifai kudharauliwa, kwani ilileta haki ambazo wenyeji wa miji mingi hawakuwa nazo. Lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja: madiwani wasio Wakristo wasizidi theluthi ya baraza. Katika Moscow kifungu hicho kiliwagusa watu wachache. Katika Tashkent kiliugusa mji mzima.

Sheria ilipofikishwa huko mwaka 1877, viti vilikuwa 72: Warusi 48, Waislamu 24. Nao Waislamu ndio waliokuwa wengi kabisa. Kodi ya mji wa kale ikatengeneza njia za mji mpya, na diwani Mwislamu, hata aseme kwa ufasaha gani, alijua hesabu ya kura kabla haijapigwa.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia. Zikatoka amri za kukagua wagonjwa majumbani, na za kukataza maiti wasizikwe katika makaburi ya kawaida. Yumkini madaktari walikusudia kheri. Lakini wenye maiti hawakushauriwa. Mwezi wa Juni watu wakavuka Ankhor kwenda kumlalamikia mkuu wa mji. Wakashambuliwa na askari pamoja na raia wa Kirusi, na wengi wakafa maji mferejini walipokimbia kurudi. Mwaka huo huo Alexander wa Tatu alitoa sheria nyingine ya miji, iliyopunguza fungu la wasio Wakristo kutoka theluthi hata moja kwa tano.

Ufalme ulipoanguka mwaka 1917, kila mtu mzima alipewa kura, wanaume kwa wanawake. Jamii ya maulamaa ikapata zaidi ya nusu ya viti vya Tashkent. Kabla mwaka haujakwisha, Wabolsheviki na wenzao wakashika mji kwa silaha, wakaunda serikali isiyokuwa na Mwislamu hata mmoja, na baraza likavunjwa.