Kirusi Kimoja, Lahaja Nyingi: Mada ya Homa ya Ini Aina ya C kwa Wakazi wa Kata ya Gongoni



Tabora imekuwa njia panda tangu enzi za misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa: tawi moja lilielekea Ujiji, jingine likapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kiswahili kilipita njia hizo hizo, na kila kilikotua kikapata lafudhi yake.

Kirusi cha homa ya ini aina ya C kina tabia kama hiyo. Tangu kilipotambuliwa mwaka 1989, wataalamu wamekigawa katika makundi makuu manane, yaitwayo jinotaipu, na makundi hayo yana matawi. Kundi la 1 limeenea duniani kote. La 3 ni la kawaida Asia ya Kusini. La 4 limeshamiri Afrika ya Kati na Misri. Jijini Dar es Salaam, uchunguzi miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya umekuta matawi ya 1a na 4a. Kwa jirani Rwanda, kundi la 4 ndilo linalotawala, lakini kwa matawi mengine, yakiwemo 4k na 4r.

Tofauti hizo hufuata njia ya damu. Nchini Misri, sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa kutumika kuanzia miaka ya 1950 zilisambaza kirusi hiki vijijini. Dawa ilikusudiwa kuponya. Sindano chafu ikaambukiza.

Hayo yanamhusu mkazi wa Gongoni katika matibabu. Zamani tiba ilikuwa sindano za miezi mingi, na muda wake ulitegemea jinotaipu. Leo vidonge vya sofosbuvir na velpatasvir, vinavyomezwa kwa wiki 12, hutumika kwa makundi yote, na wengi mno wa wanaovimaliza hupona. Hata hivyo, Rwanda ilitoa funzo: wagonjwa wenye tawi la 4r waliotumia sofosbuvir pamoja na dawa nyingine, ledipasvir, walishindwa kupona mara nyingi zaidi kuliko wenzao, wakahitaji dawa tofauti.

Kwa hiyo, anayemaliza vidonge hana budi kurudi kupimwa baada ya wiki 12. Kujisikia vizuri si ushahidi wa kupona. Ugonjwa huu hukaa kimya miaka mingi huku ukilitia ini makovu, na mwisho wake waweza kuwa saratani.

Vilevile, kipimo cha kwanza huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi. Wapo ambao miili yao hukiondoa bila dawa. Kipimo cha pili ndicho huthibitisha kama kirusi bado kimo, hivyo asiwepo wa kumnyanyapaa jirani kwa jibu la kwanza.

Aina ya C haina chanjo. Chanjo wanayopewa watoto wachanga ni ya aina ya B. Kinga iliyopo ni kutochangia sindano, wembe wala vifaa vya kuchanjia chale. Kula sahani moja, kupeana mikono na kukumbatiana hakuambukizi.

Mwenye shaka aende kituo cha afya kilicho karibu, aulize kipimo. Misafara ilisubiriwa kwa miezi. Ini halina subira hiyo.